Kari ya Nini? Stori ya Neno Lililowafuta Wapishi

Mtu akikwambia "leo nimekula mchuzi", lazima utamuuliza: mchuzi wa nini? Kuku, samaki, au maharage? Sasa wadau, kari nayo ilianza hivyohivyo, ila dunia ikasahau kuuliza hilo swali.

Kusini mwa India, kwenye lugha ya Kitamil, kuna neno "kari", linalotumika kwa kitoweo cha kulia wali. Mwaka 1498 Wareno walifika Calicut wakitafuta pilipili manga na viungo vingine. Aliyewavusha bahari ni mwongoza njia waliyempata Malindi, ambaye jina lake wanahistoria wanalibishania mpaka leo. Wareno wakalichukua lile neno, wakaliita "caril". Waingereza nao wakaja na "curry" yao, wakalibandika kwenye karibu kila sufuria yenye mchuzi wa viungo.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mama wa Kashmir aliyepika rogan josh, wa Goa aliyepika vindaloo, na wa Kerala aliyeunga samaki kwa nazi, wote wakaambiwa wamepika kari. Yaani nchi kubwa vile, chakula kikapewa jina moja! Na wapishi wenyewe hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1747, mwanamke mmoja wa London alitoa kitabu cha mapishi chenye kari "ya Kihindi". Viungo vyake? Pilipili manga na mbegu za giligilani, basi. Kabla karne ya 18 haijaisha, unga wa kari uliochanganywa tayari ulikuwa unauzwa London. Mwaka 1810, jamaa mzaliwa wa Patna akafungua mgahawa wa Kihindi mjini humohumo, lakini 1812 akafilisika. Unga ukabaki madukani.

Kingine: pilipili kali tunayodhani ni ya India tangu enzi, kumbe asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio walioipeleka Asia. Kabla ya hapo, India ilitegemea pilipili manga na tangawizi kuuwasha ulimi.

Thailand nako wana neno lao, "kaeng", la vyakula vya mchuzi. Wageni wakaliita kari pia. Ila ipo moja inayoitwa massaman, jina linalotokana na neno la Waislamu, na ndani yake utakuta mdalasini, iliki na karafuu. Hiyo inaonyesha kabisa mkono wa wafanyabiashara waliopita huko.

Jikoni tofauti inaonekana wazi. Mpishi wa India Kaskazini anapasha samli, anatupia bizari nyembamba nzima, anakaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia. Kisha kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na viungo vya unga. Nyama haiingii mpaka aone mafuta yamejitenga.

Mpishi wa Thailand anaanza na kinu. Anatwanga pilipili, mchaichai, vitunguu, kitunguu saumu na mzizi wa jamii ya tangawizi, pamoja na uduvi uliochachushwa. Anachemsha tui zito mpaka mafuta yapande juu, anakaanga humo alichotwanga, ndipo anaweka nyama na tui jepesi. Anamalizia na sosi ya samaki, sukari kidogo na majani ya mrehani.

Umeona? Majiko mawili tofauti, na yote yanasubiri mafuta yajitenge. Ujuzi huo hautoki kwenye kopo la unga. Ulitoka kwa wapishi ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao, wakarithishana mama kwa mtoto.

Kwa hiyo siku ukiona "curry" kwenye menyu, muulize mhudumu: kari ya nini, na ya wapi? Na nyumbani kwenu, nani bingwa wa mchuzi? Mtaje kwa jina hapo kwenye komenti, naye asisahaulike.