Ardhi Iliyofungwa: Ngitili na Maisha ya Kila Siku Mkoani Simiyu

Ngitili ni eneo la nyasi na miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokaza. Kuanzia Novemba au Desemba mifugo huzuiwa kuingia humo. Nyasi hukua, huchanua, hudondosha mbegu, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Ifikapo Julai au Agosti, malisho ya wazi yakiwa yamebaki vumbi na visiki, kipande kimoja cha ngitili hufunguliwa. Kikiisha, hufunguliwa kingine. Wanaotangulia kuingia si kundi zima. Ni ndama, ng'ombe wenye maziwa, wanyama wagonjwa, na maksai ambao lazima wawe na nguvu za kuvuta plau mvua zikirudi.

Utaratibu huu ni wa kale katika nchi ya Usukuma, na ndio mfano ulio wazi zaidi wa maisha endelevu katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Maandishi mengi huihesabu ngitili kuwa njia ya kuhifadhi misitu. Hesabu hiyo si kosa, lakini inatazama matokeo na kuacha chanzo. Mfugaji hafungi ardhi kwa ajili ya miti. Anafunga kwa ajili ya Septemba. Miti hurudi kwa sababu ardhi imeachwa ipumzike, na huendelea kuwapo kwa muda wote ambao kaya ina sababu ya kuendelea kufunga. Ngitili, kwa maneno mengine, ni ghala.

Ikitazamwa hivyo, ngitili inakaa pamoja na mambo mengine ya nyumbani kwa Msukuma. Mvua za Simiyu ni kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na karibu zote huja katika nusu moja ya mwaka, mara nyingi zikikatika katikati kwa wiki kadhaa. Nusu nyingine ni ya kutumia kilichowekwa. Viazi vitamu hukatwa vipande na kuanikwa kuwa michembe, au huchemshwa kwanza na kukaushwa kuwa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa yawe mboga ya kiangazi. Mtama na mahindi huingia kwenye kihenge, maji huzuiwa kwenye lambo. Nyasi zilizosimama ndani ya ngitili ni akiba ya namna ileile, isipokuwa kwamba hii hukaa shambani na mlaji wake ni ng'ombe. Kaya iliyozoea kutogusa kihenge mwezi Mei haihitaji kufundishwa upya maana ya kutogusa malisho mwezi Machi.

Mazoea hayo ya kufunga ardhi yalikaribia kufa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni, ambayo kituo chake cha utafiti wa mbung'o kilikuwa Shinyanga, ilihimiza kufyeka mapori makubwa ili kuondoa mdudu huyo anayeeneza nagana na malale. Watu na ng'ombe walisogea kwenye ardhi iliyofyekwa. Pamba ikafuata, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na kila msimu ulidai mashamba mapya. Pigo lililogusa ngitili moja kwa moja lilikuja na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na ardhi yake ya kulima na ya kufunga, zilikusanywa mahali pamoja. Ngitili zilibaki nyuma, mbali na macho ya wenyewe. Ardhi isiyo na mlinzi ikawa ya kila mtu, na ikamalizwa haraka. Maboma yaliyosogezwa karibu karibu nayo yaliulemea udongo wa pembeni mwa vijiji. Umbali wa kutafuta kuni ukaongezeka, na pale kuni zilipokosekana, wanawake walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe, yaani mbolea ya shamba ikateketea jikoni.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru Shinyanga, mkoa uliojumuisha wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu, akashtushwa na ukame wa nchi aliyoiona. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa msaada wa Norwei. Hatua zake za mwanzo zinastahili kukumbukwa kwa sababu zilikosea, na kosa lenyewe bado linarudiwa mahali pengi. Vitalu vikubwa vya miche vilianzishwa, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na wanakijiji wakahimizwa kuipanda. Mche unahitaji maji katika nchi ambayo maji ya kunywa yenyewe hutafutwa. Unahitaji kulindwa dhidi ya mbuzi na mchwa kwa miaka kadhaa, na mwishowe humpa mtu mti ambao hajawahi kuutumia. Wazee walipoulizwa walifanya nini zamani, walitaja ngitili.

Kilichofuata kilikuwa rahisi kuliko upandaji. Ufyekaji wa kuondoa mbung'o na kilimo cha pamba vilikuwa vimeondoa vigogo, lakini mizizi mingi ilibaki hai chini ya ardhi. Ng'ombe na shoka vilipozuiwa, migunga na jamii zake zilichipua kutoka kwenye visiki, kwa kasi ambayo mche wa kitalu haungeifikia kwa kuwa mizizi yake tayari ilikuwa imeshika maji ya chini. Huko Dodoma njia inayokaribiana na hiyo huitwa kwa jina linaloeleza kila kitu: kisiki hai. Ngitili zilizorekodiwa mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu. Mpango ulipofika mwisho wake mwaka 2004, makadirio yaliyotolewa yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati huo. Hata makadirio ya chini yanamaanisha kwamba watu wengi sana waliamua, kwa vipande vyao, kuacha kugusa.

Faida za ngitili huonekana jikoni na uani kabla ya kuonekana kwenye ramani. Kuni hupatikana karibu. Muda uliokuwa wa barabarani hurudi kwa mama na kwa binti. Zinapatikana fito za kujengea, nyasi za kuezeka, dawa za mitishamba, mlenda, uyoga, ukwaju ambao Wasukuma huuita bushishi, na asali. Tathmini iliyofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, na kutolewa mwaka 2005, ilikadiria thamani ya vitu hivyo kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Mapato hayo hayapiti sokoni, na kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mpangaji wa maendeleo kutoyaona.

Hata hivyo, wastani huficha jambo zito. Mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye mwenye ngitili kubwa. Kaya yenye ekari chache haina cha kufunga. Mwenye nacho huweza hata kumkodishia jirani malisho ya Septemba. Ngitili za ukoo, za kijiji na za taasisi kama shule hupunguza pengo hilo, lakini haziliondoi, na mtetezi yeyote wa ngitili anayelinyamazia anatetea nusu ya ukweli.

Nguvu ya kulinda mipaka haitoki kwenye uzio. Inatoka dagashida, mkutano mkuu wa jamii ambamo sheria ndogo hutungwa, mashauri husikilizwa na faini hutozwa, huku sungusungu wakishughulikia ulinzi. Anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mwingine anajua nani atamwita na mbele ya nani atasimama. Tofauti na amri za kikoloni za kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, zilizochukiwa Usukuma nzima katika miaka ya 1950, hapa walioweka katazo na wanaolitii ni watu walewale. Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zilikuja baadaye kukipa kijiji mamlaka ya kisheria juu ya ardhi na misitu yake.

Shinikizo la sasa ni la aina nyingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.58 Simiyu, ya 2022 ikahesabu milioni 2.14. Mkoa huu unaongoza kwa pamba nchini, na pamba bado hutaka ardhi. Mji wa Bariadi unakua, na mji hula mkaa. Mti mnene wa ngitili unapopata bei ya gunia, hesabu ya kaya hubadilika: akiba ya kila mwaka hushindana na fedha ya mara moja. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania, una kazi ngumu, kwani mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha taslimu na kuni za ngitili hazilipiwi. Kwa hiyo gesi inapaswa kuanzia mjini, anakoishi mla mkaa. Kumwanzishia mwanakijiji ambaye ngitili yake inamtosheleza kuni za matawi makavu ni kuanza na mtu asiye na tatizo.

Tishio lililo kimya kuliko yote ni urithi. Ngitili ya baba hugawanywa kwa wana, kila mmoja hupata kipande, na kipande kikishakuwa kidogo kupita kiasi hakilishi hata maksai wawili mpaka mvua; basi hulimwa. Mpaka wenyewe mara nyingi ni mstari wa minyaa, kichuguu, au mti ambao wazee wanaukumbuka. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji unaweza kuuandika mpaka huo, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa jina la kaya au kikundi badala ya mtu mmoja, ili ndugu warithi zamu za kulisha na eneo libaki zima.