Françoise Barré-Sinoussi: mama aliyefuata kirusi cha SIDA tangu labo mpaka kwa mgonjwa

Watu wengi wanaomeza dawa za SIDA huku Goma, Bukavu ao Bunia hawajawahi kusikia jina la Françoise Barré-Sinoussi. Lakini kidonge wanachopewa kina uhusiano na kazi ambayo mama huyu, mtaalamu wa virusi, aliianza angali mwanafunzi, mbele ugonjwa wenyewe ujulikane.

Alianzia wapi?

Alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 30 Julai 1947. Akiwa chuo kikuu, aliomba kufanya kazi ya bule katika labo ili ajue kama utafiti unamfaa. Kikundi cha Jean-Claude Chermann, cha Institut Pasteur, kikamupokea. Kilikuwa kinachunguza virusi vinavyoleta kansa kwa panya.

Virusi vya aina hiyo vina enzima ya pekee. Inageuza ARN ya kirusi kuwa ADN, ili iingie ndani ya seli na kukaa humo. Barré-Sinoussi alisomea namna ya kuizuia, na mwaka wa 1974 akapata digrii ya udaktari.

Januari 1983

Kufikia mwisho wa 1982, wanganga wa Paris, pamoja na Willy Rozenbaum, walikuwa wanapoteza wagonjwa bila kujua kinachowaua. Wakabisha hodi Institut Pasteur. Mwanzoni mwa Januari 1983, kipande kidogo cha tezi ya mgonjwa mmoja kililetwa katika labo iliyoongozwa na Luc Montagnier.

Barré-Sinoussi akawa anapima mara kwa mara akitafuta ile enzima. Kisha majuma kama mawili, ikaonekana. Lakini seli zikaanza kufa, na kirusi kilikuwa karibu kupotea pamoja nazo. Watafiti wakaongeza seli za damu ya mtu mwenye afya. Enzima ikaonekana tena, na seli hizo mpya nazo zikafa. Mwezi wa Februari kirusi kilionekana kwa mikroskopi, na Mei 1983 matokeo yakatoka katika gazeti la Science.

Tangu labo mpaka kidonge

Mwaka wa 1985 vipimo vya damu vikaanza kutumika. Mwaka wa 1987 ikafika AZT, dawa ya kwanza. Inazuia enzima ileile. Lakini ikiwa peke yake, kirusi kiliizoea. Mwaka wa 1996 wanganga wakaanza kuchanganya dawa tatu, na vifo vikapungua sana kule zilikopatikana.

Kidonge cha TLD cha leo kina dawa tatu pia. Mbili kati yake, tenofovir na lamivudine, zinafunga enzima hiyo. Ya tatu, dolutegravir, inakatalia kirusi kujiunga na ADN ya seli.

Bangui, kisha Asia

Mwaka wa 1985 Barré-Sinoussi alifika Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tangu siku hizo alishirikiana na watafiti wa Afrika, na baadaye wa Vietnam na Kambodia. Labo yake ilichunguza pia namna kondo la nyuma linavyomkinga mtoto tumboni. Mwaka wa 2008 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Montagnier na Mjerumani Harald zur Hausen. Habari ilimkuta kazini Kambodia: mwandishi wa redio ndiye aliyemupigia simu.

Juu ya nini dawa haikomi?

Kirusi kikishaingia katika ADN, kinaweza kulala ndani ya seli miaka mingi. Dawa inazuia kile kinachozaa, haifikii kile kinacholala. Mtu akiacha kumeza, kinaamuka. Akiwa rais wa shirika la kimataifa la wataalamu wa SIDA, kati ya 2012 na 2014, Barré-Sinoussi alisukuma utafiti wa kukiondoa kabisa. Alistaafu Institut Pasteur mwaka wa 2015, na kazi hiyo inaendelea.

Kwa sasa, dawa inayomezwa kila siku inafanya mengi. Utafiti wa 2011 kwa wenzi wa ndoa ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa asilimia 96. Leo inajulikana kwamba mwenye kirusi kisichoonekana tena kwa kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Ndiyo maana mtu anayekimbia vita asisahau dawa na karatasi yake ya matibabu. Akifika kule anakokimbilia, aende katika kituo cha afya cha karibu mbele dawa zimuishie.