Spika za kubeba kwa wapiga kinanda: wati pekee hazitoshi

Katika kumbi za harusi, kuanzia Dar es Salaam na Mombasa hadi Muscat na London, kinanda cha umeme kimeshika nafasi kubwa katika taarab ya kisasa. Mpigaji mmoja hutoa sauti za fidla, akodiani, besi na ngoma, kazi ambayo zamani ilihitaji kundi zima. Hata hivyo, sauti zote hizo hupitia kwenye spika, na spika isiyofaa humwangusha hata mpigaji hodari.

Sauti nzito na nyembamba

Kinanda chenye vitufe 88 huanzia hezi 27.5 na kufikia hezi 4,186 hivi. Amplifaya ya gitaa, ambayo baadhi ya wapigaji huiazima, haikutengenezwa kwa upana huo: besi hukoroma na fidla hufifia.

Kinachotakiwa ni spika inayotoa sauti nzito na nyembamba kwa usafi uleule. Yenye koni ya inchi 8 hubebeka kwa urahisi na hutosha kumsindikiza mwimbaji katika chumba kidogo. Ya inchi 10 au 12 hufaa kwa ukumbi wa wastani. Ya inchi 15 ina besi nene zaidi, lakini humchosha anayeipandisha ngazi usiku wa manane.

Hesabu ya wati

Idadi kubwa ya wati inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni nguvu ya kilele, inayodumu kwa muda mfupi mno. Mnunuzi anapaswa kulinganisha nguvu ya mfululizo. Kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, huhitajika takriban wati mara kumi.

Uwanjani, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6. Ndiyo maana walioketi mbele huziba masikio ilhali wa nyuma hawasikii maneno. Spika mbili zilizoinuliwa juu ya stendi, kupita vichwa vya wageni, husaidia kuliko moja iliyowekwa sakafuni na kufunguliwa hadi mwisho.

Waya na umeme

Kinanda kiunganishwe kwa waya. Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, sawa na kupiga huku spika ikiwa umbali wa mita 34. Mwenye spika moja atumie tundu la kinanda lililoandikwa L/MONO, asije akapoteza nusu ya sauti.

Wanaonunua ughaibuni na kusafirisha nyumbani wasome maandishi ya nyuma ya spika. Iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani pekee huweza kuungua ikichomekwa kwenye volti 230 za Tanzania. Mahali ambapo umeme hukatika, spika ya betri ni kinga. Bose S1 Pro, iliyotoka mwaka 2018, ina uzito wa kilo 7 hivi na betri ya hadi saa 11 kwa mujibu wa watengenezaji, ingawa kupiga kwa sauti ya juu hupunguza muda huo.

Kabla ya kulipa, mpigaji aende dukani na kinanda chake, apige noti nzito kabisa kwa sauti ya ukumbini, na mwenzake asikilize kutoka mbali. Kasoro itakayosikika hapo itasikika pia siku ya harusi.