Kutohoa programu
Wanaoandika habari za kompyuta wamezoea kusema programu “imehamishwa” kutoka Linux kwenda Windows. Neno hilo halitoshi. Kinachohamishwa huondoka kilipokuwa, programu haiondoki. Tazama Gaim, programu huria ya kutumiana ujumbe iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1998, ambayo tangu 2007 inaitwa Pidgin. Ilipofikishwa Windows, watu wa Linux hawakupungukiwa na kitu. Kwenye Mac kazi ilikuwa kubwa zaidi: waundaji wa programu ya Adium walichukua kiini cha Gaim, ambacho leo huitwa libpurple, kinachojua kuzungumza na mitandao mbalimbali ya ujumbe, wakakijengea madirisha na vitufe vya Kimac hasa. Msimbo ulikuwa wazi na leseni iliruhusu, la sivyo wasingeweza.

Wanaisimu wetu wana neno la kazi hiyo: kutohoa. Neno la kigeni likiingia, maana hubaki, umbo na matamshi hufuata lugha pokezi. Ndivyo Schule ya Kijerumani ilivyotupatia shule. Basi waandishi na watafsiri, tuseme programu imetoholewa kwa Mac. “Kuhamisha” tuyaachie mafaili.