Bao la Kichina: Uliza Kwanza, Ndipo Uagize

Kwetu Pwani bao ni la kete. Bao la Kichina, kwa jina kamili baozi, ni mkate mdogo wa unga wa ngano na hamira, uliojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi. Usiojazwa kitu huitwa mantou.

Katika mikahawa ya Kikantoni linalosifika zaidi ni char siu bao, na hilo asili yake ni nyama ya nguruwe. Kwa hivyo uliza. Wala usitosheke kuambiwa ndani ni kuku: wako wapishi watiao mafuta ya nguruwe kwenye unga wenyewe, na mvinyo wa mchele kwenye nyama. Hata la mboga halisalimiki. Uliza pia kama vikapu vinachanganywa. Si kwamba bao lenyewe lina kasoro. Wahui, Waislamu wa China, hupika la kondoo na la ng'ombe, na mikahawa yao huandikwa qingzhen, yaani halali.

Moyo ukishatulia, tazama upishi. Libonyeze kwa kidole: likiinuka tena, unga umeumuka vyema, likibaki na shimo, usilitarajie. Juu liwe kavu. Likirowa, maji ya kifuniko yamelidondokea. Madoa ya manjano ni beking pauda isiyochanganyika. Na lililwe lingali moto, maana likipoa hukakamaa, kuliko hata hamri la jana.