Zusha! (utafiti wa usalama wa matatu)

Zusha! ni kampeni ya usalama barabarani nchini Kenya iliyotokana na utafiti kuhusu stika zinazobandikwa ndani ya matatu kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha vibaya. Utafiti huo uliongozwa na wanauchumi James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani.

Usuli

Mwaka 2004 serikali ya Kenya ilianza kutekeleza kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, mstari wa manjano ubavuni na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Ugumu ulikuwa kwenye usimamizi. Askari wa trafiki humwona dereva kwa dakika chache tu kwenye kizuizi, na mwenye gari hayumo safarini. Isitoshe, dereva wengi hukabidhi kiasi maalumu kila jioni na kubaki na kinachozidi, kwa hiyo kila safari ya ziada ni pesa mfukoni. Anayeshuhudia mwendo wote ni abiria, lakini akiwa peke yake hukaa kimya, asijue kama wenzake watamuunga mkono.

Jaribio la kwanza

Mwaka 2008 matatu za masafa marefu ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zikabandikwa stika, nyingine zikaachwa zilivyo ili zilinganishwe. Ujumbe uliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na baadhi ya stika zilionyesha picha za kutisha za majeruhi. Ili zisibanduliwe, kulikuwa na bahati nasibu ya kila wiki. Dereva aliyeshinda alipata fedha iwapo gari lake lilikutwa na stika zake.

Matokeo hayakupimwa kwa maneno ya dereva, bali kwa madai yaliyofikishwa kwenye bima. Kwa kawaida, takriban asilimia 10 ya matatu hizo zilikuwa na dai kila mwaka. Kwenye magari yenye stika kiwango hicho kilishuka kwa nusu hadi theluthi mbili, na madai ya majeruhi au vifo yalipungua kwa angalau asilimia 60. Dereva waliohojiwa miezi minane baadaye walitoa majibu yaliyoashiria kuwa makemeo ya abiria yalichangia. Ripoti ilichapishwa mwaka 2011.

Jaribio la pili

Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha magari 12,000. Safari hii madai yalipungua kwa robo hadi theluthi, sawa na ajali 140 pungufu kwa mwaka kuliko zilizotarajiwa. Stika zilizowataka abiria kuchukua hatua kwa pamoja zilifanya kazi vizuri kuliko nyingine, na picha za kutisha ziliongeza nguvu. Mwendo wenyewe ulipungua kwa kilomita 1 hadi 2 tu kwa saa. Matangazo ya redio yaliyoambatana na stika hayakuonekana kubadili idadi ya madai.

Mwaka huohuo kampeni ilipanuliwa nchini kote kwa ushirikiano na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA).

Tafiti nyingine

Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walielekeza macho kwa wenye magari. Katika matatu 255 za Nairobi walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo na mahali gari lilipo, kisha baadhi ya wamiliki wakapewa taarifa hizo. Wamiliki hao walibadilisha masharti ya kazi, gharama zao zikashuka na faida ikapanda, lakini usalama wa abiria haukuboreka kwa jumla. Mwenye gari hutumia taarifa kulinda gari lake. Abiria hulinda maisha yake mwenyewe, na ndiyo maana stika zilimlenga yeye.