Somo la Historia: Hongo, Kodi na Jasho la Mtu wa Tabora

Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: HONGO.

Siku hizi hongo ni rushwa. Lakini zamani, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora mpaka Ujiji, hongo ilikuwa kodi ya wazi. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi, mwenye mali alitoa nguo, shanga au waya wa shaba, ndipo akaruhusiwa kupita. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mzigo wa frasila mbili hivi begani, hakudaiwa hongo. Aliyelipa ni tajiri.

Lakini tajiri naye hapendi kodi. Karibu na mwaka 1860 Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walipe ushuru wa mali zao. Wakakataa. Wakamwondoa katika utemi, wakamsaidia Mkasiwa kukaa mahali pake. Mnywa Sere alipigana nao mpaka akauawa mwaka 1865.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1897 serikali yao ilitoa amri ya kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba ya kijijini. Hapo mzigo ulihama: ulitoka kwa tajiri wa msafara, ukamwangukia mwenye kibanda. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Baadaye ilitakiwa fedha. Je, fedha ilipatikana wapi? Wengi waliifuata mbali, katika mashamba ya Wazungu ya Usambara na Tanga. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi katika njia ile ilikufa. Wakati wa Waingereza kodi iliendelea, na vijana wakaendelea kwenda kukata mkonge. Waliitwa manamba. Nyumbani, jembe lilibaki kwa mama na watoto.

Baada ya uhuru, kodi ya halmashauri ilifutwa mwaka 1969. Katika miaka ya 1980 ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Je, mnyonge halipi tena? Analipa. Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza mwaka 1998, imo ndani ya bei ya sabuni anayoinunua dukani.

Basi, Waziri wa Fedha asomapo bajeti mwezi Juni, nasi tuulize mambo mawili: Nani atalipa? Na fedha hiyo itamrudishia nini: maji, dawa, au shule?

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Hongo ya zamani ililipwa na nani?
2. Kwa nini watu wa Tabora walikwenda kufanya kazi Tanga?
3. Taja vitu viwili mlivyonunua wiki hii. Je, vina kodi ndani yake?

Kwaherini.